27 Agosti: Tarehe ya Vita Vifupi na Kishindo Kikuu

Saa tatu kamili asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27 Agosti 1896, muda ambao Waingereza walimpa Sayyid Khalid bin Barghash ashushe bendera yake na kutoka ikulu ulikwisha. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya manowari ikaanza kunguruma mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja. Kabla ya saa nne kasorobo kupita, mambo yalikuwa yamekwisha. Hivyo ndivyo vita vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa katika historia, na vitabu vya rekodi duniani vinaitaja Zanzibar kwa ajili yake.

Tarehe hii imebeba rekodi nyingi kuliko fungu lake. Miaka 13 kamili kabla ya mizinga ya Unguja, siku hiyo hiyo ya Agosti, ilisikika sauti iliyosafiri mbali kuliko nyingine yoyote tunayoijua. Tarehe hiyo hiyo, katika miaka mingine, iliruka ndege ya kwanza ya jeti, na sayari ya Mirihi ilitukaribia kuliko wakati wowote katika miaka karibu 60,000. Safu za "siku kama ya leo" magazetini huyapitia mambo kama haya kwa mstari mmoja mmoja: mwaka, jina, namba, kisha hao, linafuata jingine. Namba nazipenda sana. Lakini mbele ya kila rekodi nataka kujua kilichopimwa ni nini, na kipi kiliachwa nje ya kipimo. Kwa tarehe 27 Agosti swali hilo ni zito, maana rekodi yake mashuhuri ni yetu sisi watu wa pwani, na walio mbali huisimulia kama kichekesho.

Vita vya dakika 38

Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, na mjini wengi walinong'ona kwamba alilishwa sumu. Saa chache baadaye binamu yake, Khalid bin Barghash, aliingia ikulu na kujitangaza Sultani. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna wa kukikalia kiti hicho bila ridhaa ya balozi wao mdogo. Chaguo lao lilikuwa Hamoud bin Mohammed. Khalid hakuomba ridhaa. Alikusanya watu wapatao 2,800, walinzi wa ikulu pamoja na watumishi, watumwa na raia wa kawaida, akapanga bunduki za rashasha na mizinga michache. Mmoja kati ya mizinga hiyo ulikuwa wa shaba nyeusi, uliosubiwa karne ya 17.

Baharini zilikuwapo manowari tano: St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow, chini ya Admirali Harry Rawson. Asubuhi ile Khalid alipeleka ujumbe kwa balozi mdogo, Basil Cave, kwamba hana nia ya kushusha bendera na haamini kama watampiga. Walimpiga. Ikulu ilijengwa kwa mbao nyingi, ikiwa imejaa watu, na makombora yalipoingia moto ukafuata. Meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilijaribu kujibu kwa bunduki zake ndogo, ikazamishwa bandarini na mabaharia wake wakaokolewa majini. Mizinga ilinyamaza bendera nyekundu ya ikulu ilipoanguka.

Je, zilikuwa dakika ngapi? Wapo wanaoandika 38, wapo wanaosema 40, wapo wanaofika 45. Hesabu inategemea unaanzia kwenye makataa ya saa tatu kamili au kwenye kombora la kwanza, na unaishia bendera ilipoanguka au bunduki ya mwisho iliponyamaza. Ubishi wa dakika hizo saba umeandikiwa kurasa nyingi. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa Khalid walikadiriwa kuwa watu 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja ndani ya Thrush, naye akapona. Ukigawa watu 500 kwa dakika 38 unapata watu 13 kila dakika. Rekodi hiyo haimo vitabuni, na kwangu mimi ndiyo inayosema zaidi.

Baada ya vita, waliomuunga mkono Khalid walitozwa gharama za makombora waliyopigwa nayo. Admirali Rawson naye hakupumzika: Februari 1897, miezi sita tu baadaye, aliongoza kikosi kilichoivamia na kuiteketeza Benin, katika Nigeria ya leo, ambako sanamu za shaba za ikulu zilichukuliwa kwa mamia na kutawanywa katika makumbusho ya Ulaya.

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza walimsubiri nje ili akikanyaga ardhi ya Zanzibar wamkamate. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler iliingia hadi kwenye bustani ya ubalozi, akapanda humo moja kwa moja na kupelekwa Dar es Salaam bila kugusa mchanga wa Unguja. Aliishi huko miaka 20. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walimkamata, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Kwa saa ya manowari vita vilikuwa vya dakika 38. Kwa Khalid havikukoma kwa miaka 31. Hata milingoti ya Glasgow iliendelea kuchomoza juu ya maji ya bandari hadi 1912, kila jahazi likiingia linaiona.

Jumba la Beit al-Hukm liliharibiwa lisijengwe tena. Jirani yake, Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash, baba yake Khalid, mwaka 1883, ilinusurika, na mnara wa saa tunaoujua kwenye picha uliunganishwa nayo baada ya mnara wa zamani kubomolewa na makombora. Sehemu ya jengo hilo, pamoja na mnara, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha.

Kishindo kilichoizunguka dunia

Mwaka huo huo wa 1883, wakati Beit al-Ajaib ikiwa mpya, upande wa pili wa Bahari ya Hindi kisiwa cha Krakatoa kilipasuka. Kilikuwa katika mlango wa bahari wa Sunda, kati ya Java na Sumatra, katika makoloni ya Waholanzi wakati ule. Volkano ilikuwa ikifuka tangu Mei. Jumatatu, tarehe 27 Agosti, ililipuka mara nne, na mlipuko mkubwa kuliko yote ulitokea saa nne na dakika mbili asubuhi kwa saa za huko. Anayependa kulinganisha atagundua dakika hizo mbili zinafanana na za Unguja.

Kishindo kilisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu na Mauritius, umbali wa kilomita zipatazo 4,800. Ni kama mtu aliyeko Dar es Salaam asikie mzinga uliopigwa Mumbai. Kilichukua takriban saa nne kufika, na mkuu wa polisi wa kisiwa kile, James Wallis, alidhani ni meli inayopiga mizinga kuomba msaada upande wa mashariki. Hakuna sauti nyingine inayojulikana kusikiwa kwa sikio tupu kutoka mbali hivyo. Pale ambapo sikio lilishindwa, vipimahewa viliendelea: wimbi la mgandamizo wa hewa lilionekana kwenye vipimo vya miji mingi duniani, likaenda na kurudi kwa siku tano, kwa jumla mara saba.

Lakini sauti haikuua wengi. Waliokufa, ambao serikali ya Waholanzi iliwahesabu kuwa 36,417, wengi wao walichukuliwa na maji. Mawimbi ya tsunami yaliyozidi mita 30 kwa kimo yalifagia pwani za Java na Sumatra, yakafuta miji ya Anyer na Merak. Meli ya kivita Berouw, ya chuma na injini ya mvuke, ilibebwa kutoka bandari ya Teluk Betung ikatupwa kilomita kadhaa ndani ya bara, bondeni mwa mto, na mabaharia wake wote wakafa. Theluthi mbili za kisiwa zilitoweka. Vitabu vya rekodi vimehifadhi umbali wa sauti, kwa sababu unashangaza na hauumizi kuutaja.

Kwa sisi wa mwambao, Krakatoa haikuishia Java. Volkano hiyo ilitema mawe mepesi yenye matundu, yanayoelea majini, nayo yakajikusanya kama visiwa na kusukumwa na mikondo kuvuka Bahari ya Hindi nzima. Mwaka uliofuata, 1884, mawe hayo yalifika pwani ya Afrika Mashariki. Unguja watoto walishangaa kuokota mawe yasiyozama, na pamoja nayo ufukweni palionekana mafuvu na mifupa ya binadamu. Watu wa Java na Sumatra walifika Zanzibar kwa njia hiyo, bila majina, enzi za Sayyid Barghash. Kila ninapowasoma wanaosifu ukubwa wa kishindo kile, nafikiria ufukwe huo kwanza.

Vumbi lililobaki angani lilibadilisha rangi za machweo duniani kote kwa miezi mingi. Mwezi Novemba 1883 wazimamoto wa Poughkeepsie, katika jimbo la New York, na wa New Haven waliitwa kwenda kuzima moto ambao haukuwapo; ilikuwa anga tu imewaka. Mwishoni mwa 1927, mwaka ambao Khalid alifariki, volkano changa ilianza kuchomoza mahali pale pale, ikaitwa Anak Krakatau, mtoto wa Krakatoa. Desemba 2018 ubavu wake ulimomonyoka baharini, na tsunami iliyofuata iliua zaidi ya watu 400.

Mafuta, mkataba na jeti

Mengine ya tarehe hii nayapitia kwa kasi, ingawa si madogo. Mwaka 1859 Edwin Drake alifikia mafuta karibu na Titusville, Pennsylvania, kwa kisima cha kina cha mita 21 tu. Hakikuwa kisima cha kwanza duniani kutoa mafuta, kama wengine wanavyodai, maana Baku walikuwa wamechimba kabla yake. Kilichomtofautisha ni kwamba alishindilia bomba la chuma ili kuta za shimo zisibomoke, njia ambayo wachimbaji wanaitumia hadi leo, na kwamba baada yake biashara ya mafuta Marekani ililipuka. Drake hakusajili uvumbuzi wake. Aliishia kwenye umaskini hadi jimbo lilipompa pensheni.

Mwaka 1928, jijini Paris, mataifa 15 yalitia saini mkataba wa kukataa vita kama njia ya siasa za nchi. Mwaka 1939, miaka 11 baadaye siku kwa siku, rubani Erich Warsitz alirusha Heinkel He 178 karibu na Rostock, Ujerumani. Ilikuwa ndege ya kwanza duniani kuruka kwa injini ya jeti, kazi ya mhandisi Hans von Ohain. Siku tano tu zilibaki Vita Kuu ya Pili ianze.

Waliozaliwa, na waliokufa

Kwa upande wa siku za kuzaliwa, mwaka 1908 peke yake unatosha. Huko Cootamundra, Australia, alizaliwa mchezaji wa kriketi Donald Bradman. Siku hiyo hiyo, Texas, alizaliwa Lyndon B. Johnson, rais wa 36 wa Marekani, aliyetia saini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na ile ya haki ya kupiga kura ya 1965. Johnson alikubali uteuzi wa chama chake kugombea urais mwaka 1964, akitimiza miaka 56 siku hiyo.

Bradman anastahili maelezo zaidi, hata kwa wasiofuatilia kriketi. Katika mechi 52 za kimataifa za siku nyingi alipata mikimbio 6,996, na wastani wake wa kila mara alipotolewa ni 99.94. Wanaomfuata, ukiacha waliocheza mechi chache mno, wako kwenye sitini na kitu. Ni vigumu kupata mchezo mwingine ambamo wa kwanza amemwacha wa pili kwa umbali wa namna hiyo. Agosti 1948, katika uwanja wa The Oval jijini London, alihitaji mikimbio minne tu katika zamu yake ya mwisho ili wastani utimie 100. Eric Hollies alimtoa kwa mpira wa pili, hajapata hata mmoja. Watu wanaomhurumia kwa hilo nawaelewa, lakini naona 99.94 imekaa vichwani kuliko ambavyo 100 ingekaa.

Mama Teresa alizaliwa Skopje tarehe 26 Agosti 1910, akabatizwa kesho yake, na mwenyewe aliihesabu siku ya ubatizo kuwa ndiyo siku yake ya kuzaliwa ya kweli. Namwacha mahali alipojiweka.

Tarehe hii pia imewachukua wazee wawili ambao Waafrika wana deni kwao. W.E.B. Du Bois alifariki Accra mwaka 1963 akiwa na miaka 95. Alikuwa mmoja wa nguzo za mikutano ya umoja wa Waafrika, ukiwamo ule wa Manchester wa 1945 alioketi pamoja na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta. Kesho yake zaidi ya watu 200,000 waliandamana Washington kudai haki, na taarifa ya kifo chake ilitangazwa mbele yao. Miaka 12 baadaye, mwaka 1975, Haile Selassie alifariki Addis Ababa mikononi mwa wanajeshi waliompindua mwaka uliotangulia. Mtu aliyekuwa mwenyeji wa kuzaliwa kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika hakupewa hata kaburi linalojulikana. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1992 chini ya jengo la ikulu, na alizikwa kwa heshima katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu Novemba 2000, robo karne baada ya kufa.

Mirihi mlangoni

Mwaka 1962, tarehe hii, Marekani ilirusha chombo cha Mariner 2, ambacho Desemba mwaka huo kilipita jirani na Zuhura na kuwa cha kwanza kutuma taarifa kutoka karibu na sayari nyingine. Mwaka 2003 ikawa zamu ya Mirihi. Siku hiyo ilikuwa kilomita milioni 55.76 kutoka duniani, ukaribu ambao haukuwahi kutokea kwa miaka karibu 60,000. Sababu yake ni kwamba njia ya Mirihi kulizunguka Jua si duara kamili, na mara chache sana Dunia huipita hasa pale inapokuwa karibu na Jua kabisa.

Kutokana na siku hiyo ulizaliwa ujumbe ambao bado unazunguka kwenye simu kila Agosti, ukidai kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi. Haitaonekana hivyo kamwe. Maelezo ya awali yalihusu Mirihi iliyokuzwa mara 75 kwa darubini, ikilinganishwa na Mwezi wa macho matupu. Neno darubini likadondoka njiani, ukabaki uongo. Ukiupokea, mweleze aliyekutumia. Rekodi yenyewe itavunjwa tarehe 28 Agosti 2287, yaani tarehe yetu itaipoteza kwa siku moja tu.

Ijumaa ya Nairobi, Jumamosi ya Daegu

Kwa Wakenya tarehe hii ni ya Katiba. Ijumaa, 27 Agosti 2010, Rais Mwai Kibaki aliitia saini katiba mpya katika bustani ya Uhuru Park na kuiinua mbele ya umati, baada ya karibu asilimia 67 ya wapiga kura kuikubali katika kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti. Iligawa nchi katika kaunti 47 na kupunguza mamlaka ya rais. Pia kifungu cha 7 kilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, ilhali kabla ya hapo kilikuwa lugha ya taifa tu. Kwa msemaji wa Kiswahili, hiyo ni rekodi isiyohitaji saa ya kupimia.

Mwaka mmoja baadaye, Jumamosi 27 Agosti 2011, mashindano ya dunia ya riadha yalifunguliwa Daegu, Korea Kusini. Siku ya kwanza zilitolewa medali sita tu, na zote sita zilichukuliwa na wanawake wa Kenya. Asubuhi kwenye marathoni alishinda Edna Kiplagat, akifuatwa na Priscah Jeptoo na Sharon Cherop. Jioni kwenye mita 10,000 alishinda Vivian Cheruiyot, akifuatwa na Sally Kipyego na Linet Masai, na hata wa nne, Priscah Cherono, alikuwa Mkenya. Ndani ya marathoni ile, kwenye meza ya maji, Kiplagat na Cherop waligongana na Kiplagat akaanguka. Cherop alisimama kumwangalia mwenzake na kumsaidia kuinuka, medali zikiwa bado hazina mwenyewe. Kiplagat akaondoka na dhahabu, Cherop akapata shaba.

Na mwaka 2023, siku ya kufunga mashindano ya dunia jijini Budapest, tarehe iliangukia 27 Agosti tena. Victor Kiplangat aliipa Uganda dhahabu ya marathoni, Mary Moraa akaipa Kenya ya mita 800, na Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya anayekimbilia Bahrain, akachukua ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji.